Hati katika chombo cha udongo: jinsi jumuiya inavyotunza ndoto zake nyakati za mashaka

Yeremia alinunua shamba Anathothi wakati jeshi la Babeli limeuzingira Yerusalemu na yeye mwenyewe amefungwa katika uwanja wa walinzi. Alilipa shekeli 17 za fedha, akaweka mashahidi, akapima fedha kwenye mizani. Hati zilikuwa mbili, moja imetiwa muhuri na nyingine iko wazi, akamwagiza Baruku aziweke katika chombo cha udongo ili zidumu siku nyingi. Habari yote iko Yeremia 32. Katika saa ambayo kila mtu alijua mji unaanguka, tumaini la nabii lilikuwa na bei, mashahidi, nakala mbili na mahali pa kuhifadhiwa.

Mwongozo huu unafuata njia hiyo. Ni kwa ajili ya jumuiya za nyumba kwa nyumba, mitaa, vigango na sharika za Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe, ambako mashaka yana sura tunazozijua: mahindi kukosa bei mwezi wa saba, mvua kukata mwezi wa pili, kijana aliyemaliza kidato cha nne kukaa nyumbani mwaka wa tatu sasa, mchungaji kuhamishwa, boma la kanisa kuishia kwenye lenta. Katika hali hiyo, tumaini linaloishi midomoni tu huwa limechakaa kabla ya Pasaka. Linalodumu ni lile lililoandikwa, likapewa mwangalizi na tarehe ya kukaguliwa, baada ya watu kuruhusiwa kulia kwanza.

Msianze Januari

Sharika nyingi huitisha mkutano wa maono mwanzoni mwa mwaka kwa sababu kalenda imegeuka. Kwa nyanda zetu za juu huo ndio mwezi mbaya kuliko yote. Januari watu wako kwenye palizi na kuweka mbolea ya kukuzia, shule zimefunguliwa na sare zinadaiwa, ghala limebaki vumbi, na mahindi mabichi bado. Ukimwita mtu aote ndoto siku hizo, ataota deni. Ndiyo maana mkutano wa maono wa Januari hugeuka kikao cha michango ndani ya nusu saa, na wale ambao hawana cha kutoa hawarudi wiki inayofuata. Imani wanayo, wanachokikimbia ni macho ya mtunza hazina.

Mpangilio unaofaa zaidi ni huu. Ibada ya kilio ifanyike Februari au ndani ya Kwaresima, wakati uchungu wenyewe upo na hauhitaji kukumbushwa. Kikao cha ndoto kiwe kati ya mwisho wa Julai na Agosti, mahindi yakiwa yameingia ndani na watu wana nafasi. Ukaguzi uwe mara mbili: Oktoba kabla ya kupanda, na Aprili baada ya Pasaka.

Rekebisheni kulingana na mahali. Rungwe na Busokelo mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na chai, ndizi na maziwa huleta fedha kidogo kidogo kila mwezi. Huko ahadi ndogo ya kila mwezi inabebeka kuliko ahadi kubwa ya mara moja. Mbozi fedha ya kahawa huja kwa msimu, kwa hiyo subirini mauzo yaishe. Kyela na Usangu angalieni mpunga. Mufindi na Njombe fedha ya mbao huja mara moja baada ya miaka mingi, hivyo ndoto inayotegemea miti isichanganywe na ndoto ya mwaka huu. Makete na Njombe, Juni na Julai ni baridi kali. Kikao kianze saa 8 mchana, ndani, chai ikiwa tayari, si baada ya jua kuzama.

Ibada ya kilio, dakika 90

Viongozi wengi huiruka hatua hii wakidhani kulia ni kukosa imani. Matokeo yake, watu wanakuja kwenye kikao cha ndoto wamebeba msiba ambao haujasemwa, na kila wazo jipya linakutana na ukimya. Ukimya huo husomwa vibaya kuwa ni uvivu.

Zaburi ya 13 inauliza "hata lini" mara nne kabla haijaomba chochote. Zaburi ya 88 inaishia gizani kabisa, bila mstari wa kufuta machozi, na bado imewekwa ndani ya Maandiko. Tumieni hizo mbili.

Pangeni viti kwa duara, watu wasiozidi 20. Ikiwa jumuiya ni kubwa, gawanyeni nyumba mbili. Dakika 10 za kwanza ni wimbo mmoja wa taratibu na Zaburi ya 13 isomwe mara mbili, mara ya pili na sauti ya mwanamke. Kisha kiongozi aseme kanuni tatu kwa sauti: kila mtu ana dakika 3, hakuna anayejibu, na kinachosemwa hapa kinabaki hapa. Baada ya kila mtu, wote waseme pamoja "Ee Bwana, hata lini", basi. Dakika 45 zinatosha watu 15. Wasiotaka kusema waandike kwenye karatasi na kuitia kikapuni. Karatasi zichomwe mwishoni zikiwa zimekunjwa, zisisomwe.

Mruhusuni mtu alie kwa lugha ya nyumbani kwake. Bibi aliyezoea kumwomba Mungu kwa Kinyakyusa, Kisafwa, Kihehe, Kibena au Kikinga akilazimishwa Kiswahili atasema sentensi mbili safi na kuketi. Kwa lugha yake atasema jambo lenyewe, na hata wasioielewa wataelewa.

Baada ya hapo dakika 5 za ukimya kamili. Zitaonekana ndefu, mwenye saa azilinde. Malizeni kwa Zaburi ya 88 na Sala ya Bwana, na muondoke bila mahubiri. Chakula baada ya hapo ni jambo jema sana, hata kama ni viazi vya kuchemsha na chumvi.

Kinachoharibu ibada hii mara nyingi ni mtu mmoja mwenye nia njema anayesema, "Pole, lakini Mungu ana makusudi yake." Sentensi hiyo humfunga mdomo aliyesema na wote waliokuwa wanajiandaa kusema. Kiongozi ainue mkono kwa upole na kurudia kanuni ya pili. Hatari nyingine ni mtu kutumia kilio kumshtaki jirani kwa jina. Mkatize, mwambie mtaonana naye kesho, na kweli muonane naye kesho. Na mtu akisema amechoka kuishi, asiachwe arudi peke yake usiku ule. Wawili wamsindikize, alale pamoja na ndugu, vitu vya hatari nyumbani viwekwe mbali naye, na asubuhi afikishwe kituo cha afya akiwa na mtu anayemwamini. Hilo halisubiri maombi ya Ijumaa.

Kikao cha ndoto

Hapa utaratibu wa kusema ni muhimu kuliko mada. Mzee wa kanisa akifungua kwa kusema anavyoona yeye, kijana aliyelelewa vizuri hatampinga, na kikao kimekwisha kabla hakijaanza. Kwa hiyo vijana waseme kwanza, kisha akina mama, kisha wazee, na mwenyekiti awe wa mwisho. Wazee waelezwe mapema, tena kwa heshima, nyumbani kwao, ili wasione wamedharauliwa. Yoeli anawapa wazee ndoto na vijana maono. Kuwaweka mwisho ni kuwapa nafasi ya kuunganisha yaliyosemwa.

Swali nalo lina uzito. Mkiuliza "Tunataka nini?" mtapata orodha: gari, vyombo vya muziki, uzio, ukumbi. Ulizeni hivi: "Ni jambo gani, likitokea hapa kijijini kabla ya mavuno ya mwaka kesho, litakufanya usimame umshukuru Mungu mbele za watu?" Majibu yanabadilika. Mtu atasema mwanawe arudi kutoka Tunduma. Mwingine atasema maji yafike kigangoni, au watoto wa marehemu jirani wabaki shuleni.

Kila mtu aandike jambo moja kwenye nusu karatasi. Wasioandika wawe na mwandishi wao anayeandika maneno yaleyale bila kuyanyoosha. Karatasi zinazofanana ziwekwe pamoja mezani, kila fungu na kikombe chake. Kila mtu apewe punje 3 za maharage, apige kura kwa kuzitia vikombeni anavyotaka, hata zote 3 kwenye kimoja. Punje zinamlinda mnyonge: hakuna anayenyoosha mkono mbele ya tajiri wake au mkwewe. Fungu lenye punje nyingi ndilo ndoto ya jumuiya kwa mwaka huo. Moja tu. Mbili zikikaribiana, ile ya pili iandikwe kwa ajili ya mwaka kesho.

Zaidi ya hiyo, kila kaya ibaki na ndoto yake moja. Jumuiya yenye ndoto ya pamoja peke yake huwachosha watu, kwa sababu mama mwenye mtoto mgonjwa anaambiwa kila wiki habari za mabati.

Kukata ndoto vipande vya siku 90

Ndoto isiyokuwa na kipande cha kwanza hufa kwa aibu. Kipande kiwe ni kitu ambacho mtu akipita barabarani anaweza kukiona au kukigusa, kimalizike ndani ya siku 90, na kiwezekane kwa nguvu zilizopo hata asipotokea mfadhili.

Chukueni boma la kanisa, maana karibu kila kata inalo. Ukuta wa tofali za kuchoma umefika kwenye lenta, fedha zimekwisha, na mvua ya Desemba inakuja. Kosa la kawaida ni kutangaza changizo la paa lote, kupata robo yake, kununua mabati machache na kuyaweka stoo kwa mwenyekiti. Mwaka wa pili watu wanauliza mabati yako wapi, na hapo ndipo kanisa linagawanyika.

Kipande cha kwanza kinachofaa ni kulinda kile kilichokwisha kujengwa. Maji huingia kupitia kichwa cha ukuta, hasa kama tofali zimejengewa udongo, yanaosha udongo kati ya tofali na ukuta unaanza kupasuka kutoka juu. Funikeni kichwa cha ukuta kwa tabaka la mchanga na saruji, literemke kidogo upande wa nje ili maji yasitulie, na chimbeni mfereji kuzunguka msingi kupeleka maji mbali. Ni kazi ya siku chache na mifuko michache ya saruji, na ifanyike kabla ya Novemba. Kipande cha pili ni kuezeka chumba kimoja, kile cha sakristia au cha watoto wa shule ya Jumapili, na kuanza kukitumia siku hiyohiyo. Mkinunua bati, kumbukeni namba ndogo ya geji ndiyo bati nene: geji 28 ni nene kuliko 30. Watoto wakiimba ndani ya chumba kilichoezekwa, boma lote linabadilika machoni pa watu. Hapo mtaweza kuzungumza juu ya paa kubwa.

Ndoto ya kaya hukatwa vivyo hivyo. "Mwanangu asome chuo" kipande chake cha kwanza kinaweza kuwa cheti cha kuzaliwa kilichopatikana, kwa sababu vijana wengi hukwamia hapo. "Kupona" kinaweza kuwa kutokosa kliniki miezi 3.

Daftari

Nunueni kaunta buku mbili. Andikeni kwa kalamu ya wino, si penseli, mkichora safu saba: namba, ndoto kwa maneno ya mwenyewe, kipande cha siku 90, mwangalizi, mashahidi wawili, tarehe ya kukagua, kilichotokea. Safu ya mwisho iwe pana kuliko zote. Nakala ya kwanza iko wazi, inakuja kwenye kila ibada ya jumuiya na mtu yeyote anaifungua. Ya pili inaandikwa upya siku ya ukaguzi, inafungwa kwenye nailoni na kukaa ofisi ya usharika au kwa mwinjilisti, ndani ya ndoo yenye mfuniko, kwa sababu unyevu wa huku huotesha ukungu kwenye karatasi na panya hawajali maono. Jambo la siri, kama ugonjwa au ndoa, liandikwe kwa namba tu, na maelezo yabaki kwa mwenyewe na mwangalizi wake.

Nakala hizi zina sababu moja kubwa: wachungaji, wainjilisti na makatekista huhamishwa. Ndoto iliyokaa kichwani mwa mchungaji mmoja huondoka na lori lake la vyombo. Siku ya makabidhiano, daftari lisomwe mbele ya anayeondoka na anayeingia, na mgeni aombwe asiongeze ndoto yake hadi ukaguzi mmoja upite.

Mwangalizi asiwe mwenye ndoto wala ndugu yake wa damu. Kazi yake ni kufika mara moja kwa mwezi na kuuliza maswali matatu. Mazungumzo yenyewe yawe mafupi:

"Shikamoo mama. Nimekuja kwa lile jambo letu la cheti."

"Marahaba mwanangu. Karibu ukae."

"Limefika wapi, nini kimezuia, na jumuiya ikusaidie nini ambacho tunaweza wiki hii?"

Swali la tatu lina maneno "wiki hii" kwa makusudi. Bila hayo mwangalizi ataahidi makubwa, atashindwa, na mwezi ujao atapita njia nyingine asionekane. Kusindikiza mtu ofisini, kubaki na watoto siku ya kliniki, kumlimia robo ekari: hivyo vinawezekana. Mwangalizi mmoja asishike zaidi ya kaya 3.

Zamu ya maombi

Wamisionari wa kanisa la Moravian waliofika Rungwe mwaka 1891 walitoka katika mapokeo yenye jambo la kuiga. Huko Herrnhut, Ujerumani, mwezi wa nane mwaka 1727, wanaume 24 na wanawake 24 waligawana saa za siku ili maombi yasikatike. Walikuwa wakimbizi na watu waliotoka kugombana wenyewe kwa wenyewe, si jamii iliyotulia.

Saa 24 kwa siku haiwezekani kwa jumuiya ya wakulima, na wanaojaribu huacha wiki ya pili. Zamu 14 kwa wiki zinawezekana: asubuhi saa 11 na usiku saa 3, kila kaya zamu moja ya dakika 20. Kaya inayoshika zamu husoma mistari miwili ya daftari, huomba kwa majina, kisha humtumia ujumbe mwenye ndoto: "Tumekuombea usiku huu." Ujumbe huo mfupi ndio unaoshikilia watu kuliko maombi marefu ya hadharani. Mkiwa na kaya pungufu ya 14, acheni zamu za asubuhi.

Akiba ya miezi mibaya

Hakuna anayetunza ndoto huku watoto wanalala njaa. Kijana anauza miche yake ya parachichi Januari kwa bei ya kutupa, msichana anaacha shule Februari, na sababu ni debe mbili za mahindi. Kwa hiyo ghala dogo la jumuiya ni sehemu ya tumaini, kama vile Yusufu alivyotenga sehemu ya tano ya mavuno ya Misri.

Hesabu yake ni nyepesi. Kaya 24 zikitoa debe moja moja wakati wa mavuno, mnapata debe 24. Debe sita hujaza gunia la kilo 100 hivi, kwa hiyo mna magunia 4. Kaya ya watu watano ikitumia kilo 2 za unga kwa siku, magunia hayo yanabeba kaya 3 kwa siku 60, na kilo 40 zinabaki kufidia upotevu. Ndiyo njia ya Januari na Februari.

Mahindi yakihifadhiwa mabichi yataoza, na jumuiya haitachangia tena. Yakaushwe hadi unyevu ufike asilimia 13. Kama hamna kipimo, chukueni chupa kavu ya kioo, tieni vijiko 3 vya chumvi kavu, jazeni mahindi hadi theluthi, tikiseni dakika 2 na kuacha dakika 15. Chumvi ikigandia kwenye kioo, bado. Ikianguka chini yote, anikeni siku mbili zaidi, kwa sababu chumvi huacha kuganda unyevu ukiwa karibu asilimia 15, na hiyo haitoshi. Tumieni mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa; kamueni hewa, sokoteni na kufunga kila tabaka peke yake. Ikifungwa vizuri dumuzi hufa kwa kukosa hewa bila dawa yoyote. Iwekwe juu ya vichanja, mbali na ukuta, na isifunguliwe kuonyesha wageni.

Mgao uamuliwe na watu watatu, angalau wawili wakiwa akina mama, maana ndio wanaojua jiko gani halijawaka. Kwa mjane, mgonjwa na mzee asiye na mtu, ni zawadi. Kwa mwenye nguvu, ni mkopo wa debe kwa debe, bila riba, urudi mavuno yajayo. Mzigo upelekwe jioni, na jina lisitajwe kanisani, wala kwa sifa.

Kikundi cha kuweka na kukopa kinafaa pia, ila kikae mbali na sadaka: sanduku lake, daftari lake, funguo tatu kwa watu watatu, na kisajiliwe kama inavyotakiwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Fedha ya kikundi na ya kanisa zikikaa mfuko mmoja, zote mbili hupotea.

Kumtambua Hanania

Nyakati ngumu huleta wauza matumaini. Yeremia 28 inamwonyesha Hanania, nabii aliyewaambia watu kwamba vyombo vya hekalu na mateka watarudi ndani ya miaka miwili. Watu walimpenda. Sura inayofuata ina barua ya Yeremia kwa waliokuwa Babeli: jengeni nyumba, pandeni bustani, oeni, utakieni mji huo amani, kwa maana ni miaka 70. Ule mstari wa 11 unaoandikwa kwenye vioo vya daladala na kanga, wa mawazo ya amani, umekuja baada ya miaka 70 kutajwa. Wengi walioisikia barua ile ikisomwa wasingeona marejeo kwa macho yao. Kwa hiyo kila mnapousoma mstari wa 11, anzeni mstari wa 4. Mnapata tumaini refu zaidi, ambalo halivunjiki mwaka ukipita.

Anayeleta ujumbe apimwe kwa mambo manne. Ametaja tarehe kwa niaba ya Mungu? Ametaja bei ya mafuta, maji au "mbegu" ya fedha? Amesema msiwaambie wazee au mchungaji? Amesema muache dawa? Jibu likiwa ndiyo hata kwa moja, mumsindikize kwa adabu.

La dawa lisemwe madhabahuni waziwazi. Njombe, Iringa na Mbeya ni kati ya mikoa yenye maambukizi makubwa ya VVU nchini, na ndani ya kila jumuiya kuna watu wanaomeza dawa kimya. Ushuhuda wa uponyaji ukimfanya mmoja aache ARV au dawa za kifua kikuu, virusi au vimelea vinaongezeka tena na vinaweza kuzoea dawa. Kiongozi aseme: aliyeombewa anaendelea na dawa mpaka daktari aseme vinginevyo. Na yule mwanajumuiya anayeleta mchezo wa "weka laki, uvune laki tatu kwa wiki mbili" naye azuiwe mapema, kwa sababu upatu ukianguka huanguka na urafiki wa watu 20 kwa pamoja.

Walioondoka

Vijana wanaokwenda Dar es Salaam, Tunduma au Makambako wasiitwe waliopotea. Majina yao yabaki daftarini. Mpeni kila anayeondoka barua ya utambulisho ya kanisa kabla hajapanda basi, na mtu mmoja awe na zamu ya kumpigia simu Jumapili ya kwanza ya mwezi, kwa salamu tu, bila kuulizia mchango wa ujenzi. Kijana anayepigiwa simu ya michango hubadili laini.

Siku ya ukaguzi

Kila mstari wa daftari upate jibu moja kati ya matatu. Imetimia: mwenyewe atoe ushuhuda, na kama fedha ya pamoja imetumika, mapato na matumizi yasomwe palepale hadi shilingi ya mwisho. Inaendelea: kikatwe kipande kipya na tarehe mpya. Imewekwa chini: sababu iandikwe kwa sentensi moja, mwenye ndoto aombewe, na mtu yeyote asimwulize tena juu yake. Jibu hili la tatu ndilo wengi hulikwepa, wakabeba ndoto mfu miaka mitano na kukosa mikono ya kubebea nyingine.

Mwenye ndoto akifariki, mstari wake usifutwe. Siku ya kuondoa matanga, mwangalizi afike na daftari, ausome mbele ya familia kwa maneno yaleyale ya marehemu, na kuuliza kama yuko wa kuubeba. Akipatikana, jina lake liandikwe pembeni pamoja na mashahidi wawili na tarehe. Asipopatikana siku hiyo, paachwe wazi hadi Oktoba, kisha muulize tena.